Kafaulu kwa 84, lakini krediti kanyimwa

"Habari za kazi. Sisi ni Wakongo, tulikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi, na sasa tuko Texas mwaka wa nne. Binti yangu ana miaka 17, yuko darasa la 11. Mimi nafanya kazi kiwanda cha nyama, zamu ya usiku, natoka saa moja asubuhi. Mdogo wake wa miaka sita ana selimundu. Asubuhi dada yake ndiye anamwandaa na kumpandisha basi la shule, halafu ndipo na yeye anakwenda kwake. Mtoto akilazwa, dada yake ndiye anayelala naye hospitali. Kila mara nilipiga simu shuleni, wakasema sawa, imeruhusiwa. Sasa muhula umeisha, barua imekuja: Aljebra II amehudhuria siku 67 kati ya 86, Kemia siku 76 kati ya 86, kwa hiyo hapewi krediti. Lakini Aljebra alikuwa na 84 na Kemia 79! Mtu amefaulu, halafu wanasema hana kitu. Ndugu mmoja kanisani ameniambia watanipeleka mahakamani na karatasi zetu za uhamiaji zitaharibika. Binti mwenyewe amekata tamaa, anasema aache shule tufanye wote kiwandani. Je, hii ni haki? Kuna njia yoyote?"

Pole sana, mama. Kabla ya yote pokea hili: binti yako hajafeli. Kazi iliyompa ile 84 ipo, na hakuna aliyesema hajui Aljebra. Kilichotokea ni kwamba matokeo yake yamezuiwa mlangoni yasigeuke krediti, yaani ile hesabu ya masomo yaliyokamilika inayomfikisha mwanafunzi kuhitimu, na sheria ileile iliyoyazuia imeweka njia ya kuyatoa. Kwa hesabu ulizoniandikia, njia yake bado ni fupi. Lakini njia hiyo ina muda wake, kwa hiyo barua usiibandike kwenye friji ukasubiri shule ikupigie. Wewe ndiye wa kuanza, na uanze wiki hii.

Naelewa kwa nini jambo hili limekuumiza, kwa sababu linakwenda kinyume na shule tulizozijua sisi. Kongo mtoto anasubiri Examen d'État. Tanzania anasubiri mtihani wa Kidato cha Nne, Kenya anasubiri KCSE. Aliyelala na malaria wiki tatu, akasoma kwa daftari la jirani, akaingia chumba cha mtihani akafaulu, cheti hakimuulizi zile wiki tatu alikuwa wapi. Ndiyo maana wazazi wengi wa kwetu wakiona 84 kwenye karatasi wanashusha pumzi, wanajua mambo yamekwisha.

Hapa elimu ya sekondari inahesabiwa kwa namna nyingine, na asili yake ni ya ajabu kidogo. Mwaka 1905 tajiri Andrew Carnegie alitoa dola milioni 10 ziwe pensheni ya walimu wa vyuo. Taasisi iliyoundwa kuzigawa ilibidi iamue chuo halisi ni kipi, maana sekondari nyingi zilijiita vyuo. Ikaweka sharti kwamba chuo kiwe kinapokea wanafunzi waliokamilisha vipimo kadhaa vya sekondari, na kipimo kimoja kikafafanuliwa kuwa somo moja lililosomwa kwa saa zipatazo 120 katika mwaka. Vyuo vilitaka pensheni ile, na sekondari zilitaka wanafunzi wao wapokewe vyuoni, basi haikupita miaka mingi nchi karibu yote ikawa inapima masomo kwa muda wa kukaa darasani. Krediti anayodaiwa binti yako leo ni mjukuu wa kipimo kile. Inashuhudia mambo mawili kwa pamoja, kwamba mwanafunzi alikuwepo na kwamba alijifunza. Alama inathibitisha la pili tu.

Texas inataka mwanafunzi akusanye krediti 22 ili ahitimu, na wengi wanafuata mpango wenye mkazo wa fani fulani, ambao unafika 26. Juu ya hapo kuna mitihani mitano ya jimbo: Aljebra I, Biolojia, Kiingereza I, Kiingereza II na Historia ya Marekani. Somo la mwaka mzima lina krediti moja, nusu kwa kila muhula. Kwa hiyo barua uliyoipata, pamoja na ukali wake wote, inazungumzia nusu krediti ya Aljebra II na nusu ya Kemia. Jumla yake ni krediti moja. Mwambie binti yako hivyo kwa sauti, kwa sababu nadhani kichwani mwake imeshakuwa shule nzima.

Sasa tuingie kwenye sheria yenyewe. Ni kifungu cha 25.092 cha Sheria ya Elimu ya Texas. Kinasema mwanafunzi hawezi kupewa krediti wala alama ya mwisho ya somo mpaka awe amehudhuria angalau asilimia 90 ya siku ambazo somo hilo lilifundishwa. Aliyefika 75 lakini hakufika 90 anaweza kupewa krediti akikamilisha mpango ulioidhinishwa na mkuu wa shule, mpango unaofidia mafundisho aliyoyakosa. Aliye chini ya 75, au aliyepewa mpango asiukamilishe, suala lake linakwenda kwa kamati ya mahudhurio, na katika kamati hiyo walimu wanatakiwa wawe wengi kuliko wengine.

Fanya hesabu pamoja nami. Kati ya siku 86, asilimia 90 inafika siku ya 78. Yaani mwanafunzi anaweza kukosa mara nane, ya tisa inamtoa. Kemia amekosa mara kumi, yuko kwenye asilimia 88. Zimemponza siku mbili tu. Aljebra amekosa mara 19, yuko karibu asilimia 78. Huko hali ni nzito zaidi, lakini bado yuko juu ya ile 75. Masomo yote mawili yanaangukia kwa mkuu wa shule, hayajafika kwa kamati. Ndiyo maana nimesema njia ni fupi.

Angalia pia kwamba hesabu inafanywa somo kwa somo. Hapa ndipo familia nyingi zinanaswa. Nakumbuka nilikaa na baba mmoja ofisini, ameshika mfuko wa plastiki umejaa barua, akiapa kwamba mtoto wake alikuwa anakwenda shule kila siku. Alikuwa anasema kweli. Karani akatuchapishia orodha ya mahudhurio, karatasi yenye safu saba, kila safu kipindi kimoja. Safu sita zilikuwa nyeupe, karibu hazina kitu. Safu ya kwanza ilikuwa imejaa herufi za kutokuwepo kuanzia juu hadi chini, kama mtu ameishona kwa uzi. Yule baba akaiwekea kidole, akakishusha polepole mpaka mwisho wa ukurasa, akanyamaza. Kijana alikuwa anafika saa mbili, siku zote, na kipindi cha kwanza kilikuwa kinaanza saa moja na nusu. Machoni pa baba mtoto alikuwa shuleni. Kwenye somo lile la kwanza, hakuwepo.

Hata kuchelewa kuna kikomo chake. Shule nyingi zina kanuni kwamba anayeingia baada ya dakika kadhaa anaandikwa hakuwepo kwenye kipindi hicho, hata kama alikaa hadi kengele ya mwisho. Dakika zenyewe zinatofautiana toka wilaya moja ya shule hadi nyingine, ziulize. Na iwapo shule yenu inatumia ratiba ya vipindi virefu, ambayo somo linafundishwa leo, kesho linaruka, tahadhari iwe mara mbili: somo likikutana mara 43 tu katika muhula, kukosa mara tano kunatosha kumtoa.

Nije kwenye simu zako, maana hapo ndipo pana kutoelewana kukubwa kuliko kote. Ulipiga, wakakwambia imeruhusiwa, ukajua umelinda siku ile. Ulilinda kitu, lakini si hiki. Shule ina madaftari mawili, ingawa hakuna mtu anayekwambia hivyo. Daftari la kwanza ni la utoro: je, mtoto hakuja bila sababu? Simu yako inajibu hapo, na ilikuwa ya maana sana, usiache kupiga. Daftari la pili ni la krediti, nalo linauliza alikuwa darasani au hakuwa. Ruhusa na kutokuwa na ruhusa kwa kawaida vinahesabiwa sawa humo.

Ziko siku chache ambazo sheria inazihesabu kana kwamba mwanafunzi alikuwepo, mradi afidie kazi aliyoikosa: sikukuu takatifu za dini yake, kuitwa mahakamani, kwenda ofisi ya serikali kukamilisha karatasi za kuomba uraia au kula kiapo cha uraia, na miadi ya daktari. Hiyo ya daktari ina sharti ambalo limewaponza wengi: lazima mwanafunzi afike shuleni siku hiyohiyo, kabla au baada ya miadi, na awe na karatasi ya kliniki. Akitoka kliniki saa nne akarudi nyumbani kulala, siku imehesabika. Akirudi shuleni na karatasi mkononi, hata kwa vipindi viwili vya mwisho, ameiokoa. Ugonjwa mzito wa mwanafunzi mwenyewe nao una ulinzi wake, daktari akithibitisha kwa maandishi.

Utaona kwamba ugonjwa wa mdogo wake haumo kwenye orodha hiyo. Umeniuliza kama ni haki, nami sitakuzungusha. Kanuni hii inamtazama mtoto anayekwepa masomo, lakini wavu wake unawakamata pia mabinti wakubwa wa familia kama yako, wanaolea wadogo zao kabla hakujapambazuka. Nimewaona wengi, na mara nyingi ndio wenye bidii kuliko wenzao. Kwa sababu hiyohiyo sheria haikuishia kwenye hesabu. Imeagiza kila wilaya iwe na utaratibu wa kutazama mazingira yaliyo nje ya uwezo wa mwanafunzi, na mtoto wa miaka sita kulazwa kwa maumivu ya selimundu, mama akiwa kazini usiku, ni mazingira ya namna hiyo. Lakini mkuu wa shule hawezi kuyatazama kama hayajui. Mpaka sasa anachokijua ni 67 kwa 86.

Kwa hiyo anza kwa kuomba ile orodha ya mahudhurio ya vipindi vyote, iliyochapishwa, ya muhula mzima. Kaa na binti yako meza moja, siku kwa siku, mkiwa na kalenda na karatasi za hospitali. Makosa yamo mara nyingi kuliko unavyodhani: mwalimu wa zamu hakuita majina vizuri, basi la shule lilichelewa, mtoto alikuwa ofisi ya mshauri, au aliingia na kikaratasi cha kuchelewa lakini alama haikubadilishwa. Kwenye Kemia anahitaji kusahihishiwa siku mbili tu ili arudi juu ya 90. Tafuteni hizo kwanza, maana zikipatikana Kemia imekwisha bila mpango wowote.

Kisha mwandikie mkuu wa shule. Simu haina kumbukumbu, karatasi inayo. Kama Kiingereza kinakusumbua andika Kiswahili, na katika barua hiyohiyo omba mkalimani kwa ajili ya kikao. Wilaya nyingi zina huduma ya ukalimani kwa simu, na Kiswahili kimo. Tafadhali usimfanye binti yako awe mkalimani wa kesi yake mwenyewe. Atafupisha maneno yako, ataona haya kueleza ugonjwa wa nyumbani, na akiulizwa jambo gumu atajibu yeye badala ya kukutafsiria. Barua inaweza kuwa fupi namna hii:

"Mimi ni mama wa mwanafunzi fulani, darasa la 11. Nimepokea barua yenu ya tarehe fulani kuhusu krediti za Aljebra II na Kemia. Amehudhuria zaidi ya asilimia 75 katika masomo yote mawili. Naomba apewe mpango wa kurudisha krediti kwa mujibu wa kifungu cha 25.092. Alikosa vipindi kwa sababu ya kumtunza mdogo wake mgonjwa. Nakala za hospitali nimeambatanisha. Naomba kikao na mkalimani wa Kiswahili."

Ambatanisha karatasi za hospitali zenye tarehe za kulazwa. Ambatanisha pia barua ya mwajiri inayotaja saa za zamu yako. Na binti aende kwa walimu wake wawili awaombe mistari michache kuhusu kazi yake. Mwalimu wa Aljebra aliyempa 84 mtu anayekosa kipindi chake mara 19 ana la kusema juu ya mtoto huyo.

Mpango utakavyokuwa unategemea shule. Mara nyingi ni saa za kufidia, asubuhi kabla ya kengele, jioni, au Jumamosi. Pengine ni mafunzo ya ziada na mwalimu, pengine kazi za kompyuta. Hapa zungumza kwa uwazi, usikubali kila kitu kwa heshima. Wakimpangia saa za asubuhi, mmerudi palepale, kwa kuwa asubuhi ndiyo iliyomfikisha huku. Omba jioni au Jumamosi. Omba pia mpango uandikwe, uwe na idadi ya saa, tarehe ya mwisho na jina la mtu anayezihesabu, na binti awe na daftari lake linalotiwa saini kila anapomaliza. Nimeona wanafunzi wakifidia saa zote kisha ikaja kubishaniwa mwezi wa sita, mwalimu aliyesimamia ameshahama na hakuna karatasi.

Na kama mpango ukishindikana? Kamati ipo. Inaweza kutoa krediti ikiridhika na sababu, au ikamtaka afanye kazi fulani kwanza. Ikikataa, una haki ya kukata rufaa kwa bodi ya wilaya ya shule, na juu ya bodi iko mahakama ya wilaya. Familia chache sana zinahitaji kufika huko. Nakutajia tu ili ujue kwamba neno la ofisi ya mbele si la mwisho.

Utaambiwa pia habari ya kurudia somo wakati wa kiangazi, au kulifanya upya kwenye kompyuta. Kwa mtoto aliyefeli ni nafasi nzuri. Kwa aliyepata 84, mimi ningeiweka mwisho kabisa: atapoteza likizo, pengine na kazi ya likizo, akisoma mambo anayoyajua. Kuna na mtihani wa krediti, ambao aliyekwisha kufundishwa somo anatakiwa apate 70. Unavutia kwa sababu unamalizika kwa siku moja, lakini unabeba maudhui ya muhula mzima kwa Kiingereza kizito. Huo autafakari yeye mwenyewe na mwalimu wake. Na kwa kuwa tumefika kwenye mitihani, kuna jambo ambalo wazazi wetu wengi hawaambiwi: Texas inadai krediti mbili za lugha nyingine, na wilaya nyingi zinaruhusu mwanafunzi kuzipata kwa mtihani wa lugha anayoijua tayari. Kama bado hajamaliza krediti hizo, mshauri wa wanafunzi aulizwe kuhusu Kiswahili.

Sasa mahakama. Ndugu wa kanisani hakukudanganya kabisa, ila amechanganya mambo ya zamani na ya sasa. Tangu Septemba 2015, utoro wa mtoto si kosa la jinai Texas. Ni shauri la madai, na linaweza kufunguliwa mwanafunzi akikosa bila ruhusa siku kumi au zaidi, au sehemu za siku, ndani ya miezi sita ya mwaka uleule wa shule. Maneno "sehemu za siku" yaangalie vizuri, kipindi kimoja cha asubuhi kinaingia humo. Hapa sasa ndipo simu zako zinapokutetea: zilizokubaliwa kuwa na ruhusa hazimo kwenye hesabu hiyo. Hakikisha kwenye ile orodha kwamba kweli ziliandikwa hivyo, kwa maana shule nyingi zikishapokea simu kadhaa za mzazi huanza kudai karatasi ya daktari, na zisipoipata zinageuza ruhusa kuwa utoro. Tena shule inatakiwa ijaribu kwanza hatua za kumsaidia mwanafunzi kabla ya kumpeleka huko.

Kwa upande wa mzazi, kosa lipo, na adhabu yake ni faini, ya kwanza isiyozidi dola 100, ikipanda hadi 500 kwa anayerudia tena na tena. Inahitaji kuthibitishwa kwamba mzazi alionywa na bado akazembea wajibu wake. Mama anayepiga simu kila mara na kuandika barua za kuomba mpango ni vigumu kumwita mzembe, na hiyo ni sababu nyingine ya kuweka kila kitu kwenye karatasi. Kunyimwa krediti kwenyewe hakumpeleki mtu mahakamani. Yale ni madaftari mawili.

Kuhusu uhamiaji, barua ya krediti ni karatasi ya shule. Lakini siku utakayopokea wito wa mahakama, wowote ule, usimsikilize jirani, usinisikilize hata mimi. Mtafute mwanasheria wa uhamiaji kabla hujakubali kosa au kulipa faini, na usiache kufika tarehe uliyoitwa, kwa kuwa kutofika kunaweza kuleta shauri jingine lililo baya kuliko lile la kwanza.

Nimebakiza la binti kuacha shule. Kwanza sheria haimruhusu kwa kukata tamaa tu: Texas inamlazimu mtoto asome mpaka siku anapotimiza miaka 19. Lakini sitaki abaki kwa kulazimishwa. Akae na wewe, mfungue rekodi yake ya krediti, mhesabu alizonazo toka darasa la 9. Nadhani atashangaa mwenyewe. Hata akichelewa kumaliza, ana haki ya kusoma bure mpaka miaka 21, na wilaya inaweza kumpokea hata baada ya hapo, hadi 26. Wako watakaomwambia achukue GED, cheti cha mtihani kinachosimama badala ya diploma ya sekondari, amalize haraka. Ni njia halali, na imewasaidia vijana waliofika hapa wakiwa na miaka 18 bila krediti hata moja. Kwa mtoto wa darasa la 11 mwenye 84 ya Aljebra II, mimi siioni kuwa ni yake. Na ofisini mtu akiwapa fomu ya kumtoa mtoto shuleni, msisaini siku hiyo. Nendeni nayo nyumbani, isomwe.

Yote hayo ni ya muhula uliopita, mama. Unaoendelea sasa umeshaanza kuhesabiwa, na asubuhi ya nyumbani kwako haijabadilika. Kama Aljebra ndiyo iliyoko kipindi cha kwanza, mwombe mshauri wa wanafunzi aihamishe, apeleke huko somo la hiari. Kukosa kwenye somo la hiari nako kunahesabiwa, sikudanganyi, lakini Aljebra haitakuwa rehani tena. Uliza shule ya mdogo wake inafungua milango saa ngapi. Shule nyingi za msingi zinatoa kifungua kinywa kabla ya kengele, na nyingine zina uangalizi wa asubuhi.

Na hili la mwisho linakuhusu wewe kuliko yeye. Tangu 1993 iko sheria ya likizo ya familia inayomruhusu mfanyakazi kumtunza mtoto mwenye ugonjwa mzito bila kupoteza kazi, hadi wiki 12 kwa mwaka. Inakuhusu ukiwa umefanya kazi kwa mwajiri huyo miezi 12 na saa 1,250 katika mwaka uliopita, na mwajiri ana wafanyakazi 50 au zaidi. Haina malipo, na najua maana yake kwenye kodi ya nyumba. Lakini si lazima uichukue kwa mkupuo: unaweza kuchukua usiku mmoja, usiku miwili, kila mtoto anapolazwa. Selimundu ni ugonjwa wa kudumu unaokuja kwa vipindi, na daktari wake anaweza kuijaza fomu hiyo. Ukiwa nayo, hospitali utalala wewe, binti atakwenda shule. Fomu iombe ofisi ya wafanyakazi kiwandani.

Ukiona kikao kimepangwa na hujapewa mkalimani, au mahudhurio ya somo lolote yameshuka chini ya 75, au binti ana mpango wa elimu maalumu ambao shule haikuutaja, usiendelee kwa barua peke yako. Nenda kwa mtu, ana kwa ana. Shirika lililowapokea mlipofika mara nyingi lina mtumishi wa masuala ya shule, hata kama miezi yenu ya mwanzo imepita. Msaada wa kisheria bila malipo upo pia kwa wenye kipato kidogo: Lone Star Legal Aid kwa Houston na upande wa mashariki, Texas RioGrande Legal Aid kwa kusini, na kwingineko uliza mahakama ya kaunti shirika linalohudumia eneo lenu.

Barua ya mkuu wa shule ipeleke kwa mkono, nakala mbili. Mwombe karani agonge muhuri wa tarehe kwenye nakala yako, uiweke pamoja na karatasi za hospitali. Wakikaa siku kumi bila jibu, rudi na nakala hiyo.